Mwaka Mtupu Uwe Mwaka wa Kijerumani

Mawe ya mgodi wa Mashamba, hapa Kolwezi, hayaombi viza. Yakitoka shimoni yanasafishwa, shaba na kobalti yake inapakiwa malorini, inapita Kasumbalesa kuelekea bandari za kusini na mashariki, na siku hizi nyingine inapanda treni ya Dilolo kwenda Lobito. Njiani hakuna anayeiuliza ina pesa ngapi benki, wala imefaulu mtihani gani wa lugha. Anayeulizwa hayo yote ni mtoto wa Kapata, aliyekua akisikia baruti za shimo hilohilo. Na akiulizwa, mara nyingi hana jibu. Nataka awe nalo.

Nasema nawe, mdogo wangu, uliyefaulu Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Siku matokeo yalipotoka walikumwagia poda nyeupe kichwani, mama akapiga vigelegele, mtaa mzima ukakesha. Wiki mbili baadaye poda imeoshwa, limebaki swali: sasa nini? Baba anasema subiri, kuna mtu wake kwenye kampuni fulani atampigia simu. Binamu anakuita kwenye depo za Musompo ukasaidie kupima mawe. Rafiki uliyekaa naye dawati moja ameshateremka shimoni na wachimbaji wa mikono, na jioni anarudi na makuta mfukoni yanayokufanya ukitazame cheti chako kwa aibu. Miezi inapita. Ukija kushtuka, mwaka umekwisha na hukuufanyia lolote.

Huo ndio mwaka mtupu, na kila nyumba ya Kolwezi inaujua. Neno langu kwako ni moja: ujaze Kijerumani.

Nawasikia wanaocheka. Kijerumani, hapa Kolwezi? Maandishi ya Kichina yamejaa mjini. Sicomines ni ubia na Wachina, Tenke Fungurume iko mikononi mwa CMOC, na Kamoa-Kakula yupo Zijin. Kweli kabisa. Ukitaka kazi ya ukalimani keshokutwa, jifunze Kichina, sitakuzuia, na huenda ukala vizuri kuliko mimi. Lakini mimi namtafuta kijana anayetaka kulijua jiwe lenyewe: limelalaje ardhini, linatenganishwaje na udongo, linauzwa kwa hesabu gani, na shimo likiisha mji utaishije. Kwa elimu hiyo kuna mji mmoja Ujerumani ambao ningependa vijana wa Lualaba waujue kabla hawajakariri majina ya wachezaji wa Bayern München.

Mji huo ni Freiberg. Uko Saksonia, mashariki mwa nchi, chini ya milima inayopakana na Ucheki. Fedha iligunduliwa pale mwaka 1168, na kwa karne nyingi watu wake waliishi kwa mashimo kama tunavyoishi sisi. Mwaka 1765 wakaanzisha Bergakademie, chuo cha madini, na hakuna chuo cha aina hiyo duniani kilicho kikongwe kuliko hicho na bado kinafundisha. Alexander von Humboldt alifika pale mwaka 1791. Asubuhi alikuwa chini ya ardhi, mchana darasani. Mwaka 1886 mwalimu wa kemia wa chuo hicho, Clemens Winkler, alichunguza jiwe kutoka mgodi wa jirani, akakuta ndani yake elementi ambayo hakuna aliyewahi kuitambua. Akaiita germanium.

Lishike jina hilo, kwa sababu liko kwetu. Ule mlima mweusi wa Lubumbashi, Big Hill, ni mabaki ya tanuri la shaba ambalo Union Minière waliliwasha mwaka 1911. Tuliufanya alama ya mji, tukapiga nao picha, wasanii wakauchora. Kumbe ndani yake kuna germanium, madini yanayotakiwa kwenye nyaya za intaneti za kioo na kwenye kamera zinazoona gizani. Mwaka 2024 ndipo Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kupitia kampuni yake ya STL, ilipoanza kusafirisha makinikia ya germanium, yakaenda Ubelgiji kwa Umicore kusafishwa. Zaidi ya miaka mia moja mlima ulisimama pale, na tangu 1886 elimu ya kilichomo ndani yake ilikuwa ikifundishwa kwa Kijerumani katika mji mdogo ambao wengi wetu hatujausikia.

Na bado sijafika kwenye sababu kubwa. Migodi ya Freiberg ilifungwa mwaka 1969. Ilikwisha. Mji wenyewe una watu kama 40,000 tu. Ungeuweka ndani ya Kolwezi ungepotea. Lakini nenda leo utakuta wanafunzi kutoka kila bara, utakuta maabara, utakuta mgodi wa zamani wa Reiche Zeche umegeuzwa darasa ambamo wanafunzi huteremka kujifunza na kupima. Madini yalikwisha, ujuzi wa madini ukabaki, na ujuzi huo unalisha mji hadi sasa. Sisi tuna nini cha kubaki nacho? Tembea Kasulo, ambako watu walichimba kobalti chini ya vyumba vyao vya kulala, kisha ulijibu swali hilo kwa sauti. Mimi jibu langu ni kwamba lazima tuwe na watu wetu, watoto wa hapa, waliokaa kwenye madarasa hayo.

Usidhani kwamba kujifunza lugha ya mbali kwa ajili ya madini ni ndoto za vijana wa leo. Wajerumani walitangulia kutufanyia sisi hivyo. Mwaka 1884 Paul Reichard alifika Bunkeya kwa Mfalme Msiri, hapahapa kwenye ardhi ambayo sasa ni mkoa wa Lualaba. Alitokea pwani ya mashariki kwa misafara iliyozungumza Kiswahili. Miaka mitatu baadaye, 1887, Berlin ikafunguliwa Seminari ya Lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizofundishwa pale. Mwaka 1900 wakamchukua Mtoro bin Mwinyi Bakari kutoka Bagamoyo aende kuwafundisha. Ndiye mwenye Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa mwaka 1903. Hawakuwa wakijifunza kwa mapenzi tu. Walikuwa na shida zao huku, nyingine za kikoloni na za kikatili, na walijua kwamba mwenye shida na mali ya watu lazima aijue lugha ya wenye mali. Hesabu hiyo haijabadilika. Mwaka 2019 BMW, BASF na Samsung walikuja Kolwezi na mradi wao wa kobalti ulioendeshwa na GIZ, shirika la serikali ya Ujerumani. Mwaka huohuo taasisi ya jiolojia ya Ujerumani, iliyoko Hannover, ilitoa ripoti iliyoorodhesha mashimo ya wachimbaji wa mikono wa Lualaba na Haut-Katanga. Wametuhesabu. Sasa na sisi twende tukajue wanavyohesabu.

Najua kinachokutisha. Umesikia Kijerumani ni kigumu, maneno marefu kama treni ya SNCC, der na die na das. Basi nikuulize wewe ni mtu wa lugha ngapi. Nyumbani kwa bibi unazungumza Kisanga, Kiruund, Kiluba au Kichokwe. Mtaani ni Kiswahili. Darasani walikufundisha fizikia kwa Kifaransa, na Exetat ukaifanya kwa Kifaransa. Mgeni kutoka Kinshasa akija unamjibu kwa Kilingala hata kama hukuwahi kukaa darasani kukisoma. Mtu wa namna hiyo atatishwaje na lugha ya tano? Mjerumani ana jinsia tatu za majina. Lugha ya bibi yako ina ngeli zaidi ya kumi, nawe ulizijua kabla hujaota magego. (Kiswahili chetu cha Katanga kimezipunguza ngeli, na watu wa Pwani hutucheka kwa hilo. Wacheke. Sisi tunaelewana nao, na wakija kutafuta shaba wanatuelewa haraka sana.)

Kazi ya kweli iko kwenye muda. Kijerumani cha chuo kikuu kinataka mamia ya saa. Ngazi zinaanza A1, A2, B1, B2, zinapanda hadi C1 na C2, na vyuo vingi, kwa kozi zinazofundishwa kwa Kijerumani, vinataka mtihani wa DSH daraja la 2 au TestDaF yenye alama 4 katika sehemu zote nne: kusoma, kusikiliza, kuandika, kuzungumza. Usiogope orodha hiyo. Unayo miezi kumi na miwili, na jirani yako ataitumia kubishana kuhusu TP Mazembe.

Anzia simuni. Deutsche Welle, haohao ambao idhaa yao ya Kiswahili imekuwa hewani tangu 1963, wana masomo ya bure mtandaoni. Yapo ya filamu yanayoitwa Nicos Weg, yanayomfuata kijana mgeni aliyefika Ujerumani bila lugha, kutoka A1 hadi B1. Pakua usiku bando linapokuwa rahisi, maana SNEL akikata umeme hakuagi. Soma kwa sauti. Chumba kimoja chenye ndugu sita kitakucheka juma la kwanza. Juma la tatu mdogo wako atakuwa anakurekebisha. Mtafute mwenzako mmoja, mwekeane sharti kwamba siku fulani hakuna Kifaransa wala Kiswahili baina yenu hata mkinunua bukari. Na usijifunze maneno ya watalii peke yake. Jifunze Kupfer (shaba), Erz (mawe yenye madini), Schacht (shimo la kuteremkia), Grube (mgodi), Säure (asidi), kwa sababu vitu hivyo umeviona kwa macho, na neno la kitu ulichokiona halitoki kichwani.

Ukishapata msingi, tafuta njia ya kwenda kusikiliza kwa masikio yako. Hapa ndipo watu wengi wa kwetu hawajui kwamba safari ya kwanza si lazima iwe ya miaka mitano. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi lililoanzishwa mwaka 1925, limekuwa likitoa ufadhili wa kozi za kiangazi katika vyuo vikuu vya Ujerumani kwa wanafunzi walio tayari chuoni na walioshika msingi wa lugha: wiki chache za Kijerumani kutwa kucha, kisha unarudi kuendelea na masomo yako. Kwa hiyo hata ukijiandikisha UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, au hapa Kolwezi, ulizia kama mlango huo bado uko wazi. Wiki hizo ni fupi, lakini unanunua mkate kwa Kijerumani, unapotea njia kwa Kijerumani, unagombana na mashine ya tiketi kwa Kijerumani. Masikio yanazibuka. Ukirudi, TestDaF haikutishi tena.

Wapo waliokutangulia, na safari yao haikuwa laini. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliondoka Unguja mwaka 1866 akiwa na Kiarabu na Kiswahili. Hamburg alifika akiwa mke wa mfanyabiashara Heinrich Ruete, na lugha ya mji hakuijua. Mwaka 1870 mumewe akagongwa na tramu, akafa, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi isiyo yake. Mwanamke huyo alijifunza Kijerumani kiasi cha kuandika kitabu kizima kwa lugha hiyo, kumbukumbu za maisha yake, kilichotoka Berlin mwaka 1886. Utotoni kwake Zanzibar, kuandika kwa mwanamke kulikatazwa. Alijifundisha kwa siri. Sasa wewe una simu.

Na kama Zanzibar ni mbali, tuje Lubumbashi. Fiston Mwanza Mujila alizaliwa pale mwaka 1981. Tangu 2009 anaishi Graz, Austria, ambako lugha ni hiyohiyo, na chuo kikuu cha mji huo kimempa wanafunzi awafundishe fasihi ya Afrika. Riwaya yake Tram 83, ya mji wa madini ambao mtu wa Katanga hahitaji kuelekezwa, aliiandika kwa Kifaransa. Tafsiri yake ya Kijerumani ilipata tuzo ya kimataifa ya fasihi ya Haus der Kulturen der Welt, Berlin, mwaka 2017. Lakini yeye hakukaa kusubiri watafsiri. Anaandika kwa Kijerumani pia. Mtoto wa Lubumbashi anawaandikia Waaustria kwa lugha yao, nao wanalipa kiingilio waende kumsikiliza.

Watakuja wajanja watakwambia: kwa nini ujisumbue, zipo shahada za uzamili Ujerumani zinazofundishwa kwa Kiingereza. Zipo, Freiberg yenyewe inazo. Kama Kiingereza chako kinatosha, soma. Lakini sikiliza onyo la mtu anayekutakia mema. Mwalimu atakufundisha kwa Kiingereza, kisha wenzako wataondoka kwenda kunywa kahawa kwa Kijerumani. Fundi wa maabara atakuonyesha mashine kwa Kijerumani. Mwenye nyumba ataandika mkataba kwa Kijerumani, na kampuni itakayokuita kwa mahojiano ya kazi ina mafundi wasiojua lugha nyingine. Utapata cheti na kuukosa mji. Ni hasara ambayo haionekani kwenye karatasi, na ndiyo kubwa.

Sasa makuta, maana hamasa bila hesabu ni kelele. Habari njema ni kwamba vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi karo ya masomo. Kuna mchango wa kila muhula, kwa kawaida euro mia moja hadi mia tatu na kitu. Baden-Württemberg huwatoza wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, kwa hiyo soma ramani kabla hujachagua. Habari ngumu ni akaunti iliyofungwa: tangu Septemba 2024 ubalozi unataka uonyeshe euro 11,904 kwa mwaka, zinazotolewa 992 kila mwezi. Ni pesa nyingi. Kwa familia nyingi za Kolwezi haziwezekani, na sitakudanganya kwamba bidii huzaa euro. Ndiyo maana ufadhili ni jambo la kuwindwa mapema. DAAD hutoa ufadhili wa shahada za juu. Upo pia BEBUC, mpango wa ufadhili kwa Wakongo uliotokana na ushirikiano wa Profesa Gerhard Bringmann wa Würzburg na Profesa Virima Mudogo wa Kinshasa, ambao huwatafuta wanafunzi bora katika vyuo vyetu na kuwapeleka hadi shahada za uzamivu. Ukifika Ujerumani, sheria inakuruhusu kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka. Inasaidia kula, usiitegemee kulipia kila kitu.

Na yule bwana mwenye ofisi ya chumba kimoja anayeahidi kukupatia nafasi na viza kwa dola elfu kadhaa, mpite. Maombi ya vyuo vingi hupitia uni-assist, kwa karatasi zako mwenyewe. Kama Diplôme d'État yako haitoshi kuingia moja kwa moja, kuna Studienkolleg, mwaka wa maandalizi wenye kozi maalumu kwa wanaoelekea uhandisi. Freiberg inayo ya kwake. Hakuna dalali anayeweza kukufanyia mtihani wa kuingia humo. Unapimwa hisabati, na kabla ya hisabati unapimwa Kijerumani.

Neno kwa wazazi. Baba, mama, najua mmeuza mengi kumfikisha kijana hapa. Msimwite mvivu mkimkuta anazungumza peke yake na simu. Mpeni saa mbili za utulivu kwa siku, na anayestahili saa hizo awe pia binti, asiondolewe mezani kila ndoo ya maji inapokauka. Mashine za leo za mgodi haziendeshwi kwa misuli, na jiolojia haijawahi kuuliza mtu ana ndevu.

Itakuwaje akimaliza mwaka na viza isipatikane? Wahenga walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure. Mwenye B1 anaweza kuomba kazi kwenye miradi ya Wajerumani iliyopo nchini. Anaweza kufundisha wenzake. Anaweza kutafuta kozi ya kiangazi akiwa UNILU mwaka wa pili. Aliyeketi barazani anazeeka tu.

Basi chukua kalenda. Muhula wa baridi Ujerumani huanza Oktoba, na vyuo vingi hufunga maombi yake tarehe 15 Julai. Matokeo ya Exetat kwa kawaida hukukuta tarehe hiyo ikiwa mlangoni au imeshapita. Kwa hiyo aliyefaulu mwaka huu anaomba mwaka ujao, na katikati ana karibu miezi kumi na miwili. Mtihani wa B1 unaweza kuufanya Goethe-Institut Kinshasa. Jiandikishe mapema, panga nauli mapema. Karatasi za uni-assist zipeleke majuma mengi kabla ya tarehe ya mwisho, tafsiri zake zikiwa zimepigwa mhuri. Somo la kwanza la A1 halina tarehe ya kufungwa. Lifungue usiku huu.